Yai Lililofungwa Mshipi

Jioni moja ya kaskazi, nyumbani kwa shangazi yangu mjini Pangani, adhana ya magharibi imekwisha na taa hazijawashwa bado, mbwa asiyejulikana alikotoka alipenya uani, akalipindua tundu la kuku, akamnyakua pora mmoja aliyekuwa akinenepeshwa kwa karamu, akatokomea naye migombani. Katika ghasia hiyo koo mwekundu, kipenzi cha nyumba, aliyekuwa katikati ya utagaji wake, aliparamia ua wa makuti, bawa likanasa, akapiga ukelele mpaka majirani wa pande zote mbili wakatoka na bakora. Alinasuliwa akiwa hana jeraha. Sote tukasema alhamdulillahi, tukaenda kulala.

Kesho yake koo hakutaga saa yake. Ilipofika alasiri ndipo alipoinuka kiotani, na yai aliloliacha halikuwa kama tuliyoyazoea: katikati yake palizunguka ukanda ulioinuka, mfano wa mtu aliyefunga mshipi kiunoni, na juu ya kaka lake pametapakaa vumbi jeupe lililofutika kwa kidole. Siku iliyofuata alitaga yai lililokuwa bapa ubavu mmoja, lenye mikunjo kama ngozi ya mkono wa ajuza. Siku ya tatu hakutaga kitu. Siku ya nne tuliokota chini ya mti yai lisilo na kaka kabisa, tepetepe, limo ndani ya ngozi nyembamba, ukilishika labonyea kama mfuko wa maji.

Mzee mmoja wa jirani, mtu wa heshima ambaye watu walimwendea kwa mambo ya ramli, alilitazama yai lile, akatikisa kichwa, akamwambia shangazi: "Mwanangu, hili si la kuliwa wala si la kuwekwa. Kuku huyu katumwa." Shangazi hakuwa mtu wa kufuata kila neno, lakini safari hii hofu ilimwingia, na asubuhi ya pili yake koo akachinjwa. Kazi ya kumnyonyoa nilipewa mimi. Alipopasuliwa, mlikutwa ndani yake yai kamili, kaka lake gumu na laini, halina ukanda wala mkunjo, tayari kutagwa siku ile ile. Na juu yake kichala cha viini vya manjano, kikubwa kikifuatwa na kidogo, mpaka vya mwisho vikawa kama punje za mtama. Shangazi alilishika yai lile mkononi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaondoka jikoni.

Kwa ajili ya koo yule nimetaka kueleza hapa, kwa kadiri nilivyojifunza kwa wafugaji na mabwana mifugo na vitabu vyao, jinsi yai linavyotengenezwa na jinsi linavyoharibika. Maana naamini kuku wengi wamekwenda kisuni kwa kosa ambalo si lao, na wengine, kinyume chake, wameachwa wakaangamiza kundi zima kwa kuwa mayai yao yalitoa habari na hapakuwa na mtu wa kuisoma.

Wala sipendi mtu adhani kwamba hofu ile ni ya watu wa pwani peke yao. Mwaka 1474, katika mji wa Basel, Uswisi, jogoo alishitakiwa mbele ya baraza kwa kosa la kutaga yai, akahukumiwa, akateketezwa kwa moto pamoja na yai lenyewe, kwa kuwa watu wa huko waliitakidi kwamba katika yai la jogoo hutoka joka lenye kuua kwa jicho lake. Huko Ulaya mayai madogo mno, yasiyo na kiini, yaliitwa kwa karne nyingi mayai ya jogoo, ilhali anayeyataga ni kuku jike kama mwingine. Waarabu nao hawakuyaacha mambo haya: al-Jahiz wa Basra, mwandishi mashuhuri wa karne ya 9, katika Kitab al-Hayawan aliandika kirefu juu ya kuku na mayai yao, akiuliza na kulinganisha kama mtu mwenye hamu ya kujua, na hamu hiyo ndiyo niitakayo kwa msomaji wangu.

Kuku huanza uhai wake na vichala viwili vya uzazi, cha kulia na cha kushoto, lakini kwa kawaida cha kushoto ndicho kinachokua na kufanya kazi, na cha kulia hudumaa. Katika kichala hicho kila kiini, kabla ya kuachiliwa, hukua kwa kasi kwa muda wa siku 10 hivi, kikiongezwa tabaka juu ya tabaka kila siku. Kwa hiyo kiini unachokiona leo katika sahani yako kimebeba ndani yake chakula ambacho kuku alikila juma zima lililopita na zaidi. Kikipevuka huchopoka, kikadakwa na mdomo wa mrija mpana uliofunguka kama faneli, ambamo hukaa kadiri ya robo saa. Na kama jogoo amempanda, basi hapo ndipo mbegu hukutana. Kutoka hapo huteremka katika sehemu ndefu ya mrija, kikavikwa ute mzito kwa saa 3 hivi; halafu kwa saa moja na ushei kikavikwa tando mbili nyembamba, zile uzionazo ukimenya yai la kuchemsha; mwisho kikaingia katika chumba cha kaka, na humo kitalala saa 20 au karibu yake. Safari nzima ni ya saa 24 hadi 26. Ndiyo sababu kuku hutaga leo saa mbili, kesho saa tatu, keshokutwa saa nne, mpaka saa yake ikaangukia jioni, naye akaruka siku moja kisha akaanza tena asubuhi.

Kaka lenyewe lina uzito wa gramu 5 au 6, na karibu lote, yaani sehemu 95 katika 100, ni chokaa ile ile iliyomo katika makombe ya baharini na katika mawe ya matumbawe tuliyojengea nyumba zetu. Ndani ya chokaa hiyo mna gramu 2 hivi za kalisi, na mnyama mdogo kama kuku hana gramu 2 za kalisi zinazoelea katika damu yake zikingoja kazi. Hutegemea kile alichokila mchana na kinachosagika taratibu katika firigisi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya kaka hujengwa usiku, wakati amelala na hali kitu, huikopa mifupa yake, ambayo kwa kuku anayetaga huwa na akiba maalumu ndani yake kwa ajili hiyo. Alfajiri anapotoka tunduni huwa ana deni la kulipa kabla ya usiku mwingine. Mimi kila ninapoifikiria kazi hii, ya kujenga ukuta usio na ufa katika giza, ndani ya mwili usiozidi kilo mbili, husema subhanallah, na hushangaa kwamba hitilafu si nyingi kuliko zilivyo.

Basi turudi Pangani. Mbwa alipoingia uani wakati wa magharibi, yai la kesho lilikuwa limo katika chumba cha kaka tangu mchana, nalo lilikuwa limekwisha kuvikwa chokaa nyembamba mno, si nene kuliko karatasi. Kuku aliyefazaika hukaza misuli yake yote, na chumba kile nacho ni msuli; kaka changa likabanwa, likapasuka katikati. Lakini kazi ya usiku haikusimama: chokaa iliendelea kumwagwa, ikaujaza ufa, ikaupita, na pale palipopasuka pakabaki kovu lililoinuka. Ukanda tuliouona ulikuwa kama kovu la mfupa uliovunjika ukaunga. Kisha ile homoni ya hofu, iitwayo adrenalini, humfanya kuku azuie yai lisitoke hata kama wakati wake umefika. Likabaki ndani mpaka alasiri, na kwa kila saa iliyozidi likanyunyiziwa chokaa ya ziada isiyo na haja, ndilo lile vumbi jeupe. Huku nyuma yai la pili lilikwisha fika, likamkuta mkubwa wake hajaondoka, likagandamizwa ubavuni mwake lingali laini. Likatoka bapa, limejaa mikunjo. Baada yake palikuwa na siku tupu, maana mpango wa kuachilia viini ulikuwa umevurugika, kisha yai moja likasukumwa nje kabla ya kupata kaka. Na la mwisho, lile tulilolikuta kwa kisu, lilikuwa zima kama mayai ya zamani. Koo alikuwa amekwisha kupona. Yule mbwa alikuwa ameandika habari zake zote katika mayai manne, nasi tukazisoma kinyume.

Si mbwa tu. Kuku aliyesafirishwa katika tenga juu ya basi kutoka Handeni, kuku aliyehamishiwa nyumba nyingine, aliyeletewa wageni wapya tunduni wakaanza kupigana kutafuta nani mkubwa, aliyekesha akisikia fataki za Idi au ngoma ya harusi chini ya dirisha, aliyenyeshewa na mvua ya masika usiku kucha kwa kuwa bati limetoboka, hao wote huweza kutaga mayai yenye mishipi, yaliyopauka, yenye chembechembe kama mchanga, au yasiyo na kaka. Kuku mwenye mayai ya rangi ya kahawia hudhihirisha zaidi, kwa sababu rangi hiyo hupakwa katika saa za mwisho kabla ya kutaga, na fadhaa huivuruga. Yai likatoka limepauka au lina madoa meupe. Mara nyingine, badala ya kiini kimoja, viwili huchopoka pamoja, na yai likawa kubwa lenye viini viwili. Hilo huonekana sana kwa tetea, yaani kuku mchanga anayeanza kutaga, ambaye mwili wake haujazoea mpango. Na kwa huyo mayai ya kwanza kuwa madogo, laini au ya viini viwili si maradhi wala si dalili ya jambo lolote, bali ni mwanafunzi anayejifunza kuandika. Lile yai dogo kama la njiwa, lisilo na kiini, hutokea pale kipande kidogo cha nyama au cha damu kinapodondokea mrijani, na mrija usiojua kupambanua ukakivika ute, tando na kaka kana kwamba ni kiini cha haki.

Liko jambo la joto, ambalo kwa watu wa pwani ni kubwa kuliko mbwa na fataki. Kuku hatoki jasho. Akiona joto hufungua mdomo na kuhema. Katika kuhema kule huitoa kwa wingi hewa ya ukaa iliyomo katika damu yake, na hewa hiyo ndiyo nusu ya malighafi ya kaka, kwa kuwa chokaa ya yai huundwa kwa kalisi kuungana nayo. Kwa hiyo, katika miezi ya Desemba mpaka Machi, kuku aliyeshinda akihema chini ya bati atataga mayai yenye kaka jembamba hata kama umemjazia makombe mbele yake. Tena katika joto hupunguza kula, akazidi kupungukiwa. Dawa ya kwanza hapo ni kivuli cha mwembe na makuti juu ya bati.

Ya pili ni maji. Robo tatu ya kilicho ndani ya kaka ni maji matupu, na kuku mtagaji hunywa kadiri ya robo lita kwa siku, na katika joto zaidi ya hapo. Aliyekosa maji mchana mmoja wa kaskazi huweza kupoteza mayai ya siku nyingi. Na hapa nataka kuwatahadharisha ndugu zangu wenye visima karibu na bahari: imethibitika kwa majaribio kwamba maji yenye chumvi, hata ile chumvi kidogo ambayo ulimi wa mtu umeizoea, huharibu makaka ya mayai, yakawa membamba na yenye nyufa, na madhara hayo huweza kudumu hata baada ya kuku kurudishiwa maji matamu. Nimeona nyumba zinazobadili chakula mara tatu, zinazonunua dawa hii na ile, na kisima chenyewe hakuna aliyekishuku.

Makombe nimeyataja. Ukiyapata makombe ya chaza au ya kome pwani, yakaushe, yaponde, yaweke katika chombo chake peke yake, kila kuku achukue kwa haja yake. Usiyachanganye katika chakula cha wote, kwani kalisi nyingi huwadhuru vifaranga katika mafigo yao. Makaka ya mayai ya jikoni nayo yafaa, yakikaushwa kwa moto na kusagwa mpaka yasitambulike, ili kuku wasijifunze kula mayai yao. Na kuku wapate jua la asubuhi, kwa kuwa bila ya vitamini D mwili hauwezi kuitwaa kalisi hata ikijaa tele.

Sasa maradhi. Hapa sina budi kubadili sauti, maana yai la fadhaa hupita kama wingu, lakini yai la maradhi huweza kuwa onyo la msiba.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulitambuliwa rasmi mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, na kwa jina la mji huo waitwa na matabibu wa dunia nzima. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache: kuhema, kuharisha kijani, shingo kupinda, mabawa kulegea. Wachache wanaosalimika, na wale waliochanjwa nusunusu, huendelea kuishi lakini mayai yao husimama ghafula au yakawa laini, yamepauka, hayana umbo. Hata majuma kadhaa baadaye mrija haujarudi katika hali yake. Mtu akiona kundi zima, si kuku mmoja, limeacha kutaga kwa siku mbili tatu na mayai machache yaliyopo yameharibika, asingoje kuona shingo zikipinda.

Bronkaitisi ya kuku, yaani ule mkamba wa kuambukiza uliotambuliwa Marekani katika miaka ya 1930, ni adui mwingine, na kwa yai pengine ni mbaya kuliko mdondo, kwa sababu huua kidogo na huharibu sana. Kuku hukohoa na kukoroma siku chache, mwenye nyumba akadhani ni mafua, wakapona. Lakini virusi vyake hupenda utando wa ndani wa mrija wa mayai. Mayai yakatoka na mikunjo na matuta, na ukiyavunja, ute wake hauna nguvu, umetawanyika sahanini kama maji, ukiwa umepoteza ule mnato unaokishika kiini. Hali hiyo hudumu kwa majuma, na kwa wengine hairudi kabisa. Kifaranga akiupata katika majuma mawili ya kwanza, mrija wake huweza kuharibika milele: atakua, atakuwa na upanga mwekundu, ataingia kiotani kila siku na kutetea kama mtagaji, na yai halitoki.

Wenye kufuga kuku pamoja na bata wajue kwamba viko virusi ambavyo bata hukaa navyo bila ya taabu, na kuku akivipata haonekani mgonjwa hata kidogo, anakula, anawika jogoo wake, upanga umenyooka, ila mayai ya kahawia yanapauka, yanakuwa membamba, mwisho yanatoka bila ya kaka. Maradhi hayo yalielezwa kwa mara ya kwanza Uholanzi mwaka 1976. Dimbwi moja la maji kwa bata na kuku ndilo daraja lake.

Minyoo, chawa na utitiri sitawaeleza kwa urefu. Hawapindishi yai, bali hunyonya mwili unaolitengeneza, na kuku aliyekauka upanga, anayekataa kuingia tunduni usiku, na atagaye vijiyai vichache, nyufa za tundu lake zitazamwe kwanza kwa taa. Liko hata yai ambalo ndani yake hukutwa mnyoo. Ni nadra, lakini ni kweli, na sababu yake ni mnyoo uliopotea njia kutoka utumboni ukapanda mrijani.

Kuna kitu kimoja kinachotagwa ambacho si yai kamwe, nacho watu hukiita yai kwa kukosa jina. Ni bonge la rangi ya manjano au ya udongo, gumu kama mpira, na ukilikata huonekana tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Hilo ni usaha ulioganda, kwa kuwa usaha wa kuku haumiminiki kama wa mtu. Na maana yake ni kwamba mrija wake wa mayai umeingiwa na vijidudu, aghalabu vile vya kinyesi, na unaoza kutoka ndani. Kuku huyo ni mgonjwa kweli, hata kama anatembea. Tabibu wa wanyama aitwe. Lakini nisimdanganye msomaji, wengi wa hao hawaponi. Vivyo hivyo kuku jike anayeanza kuwika, ambaye katika nyumba nyingi huchinjwa siku ile ile kwa kuhofia mkosi: mara nyingi kichala chake cha kushoto kimeharibiwa na maradhi, na kile cha kulia kilichodumaa kikaamka na tabia za kiume. Hakuna mkosi wowote juu ya nyumba; aliyefikwa ni kuku mwenyewe.

Na yule ambaye yai limemkwama, aliyesimama wima mkia chini, akikaza na kupanua miguu, asikae mpaka jioni bila ya msaada. Mweke katika beseni la maji ya uvuguvugu yamfike tumboni kwa robo saa au zaidi, mpake mafuta ya nazi penye tundu lake, mpeleke mahali pa giza na kimya. Usilivunje yai ndani yake, kwani kaka hukata kama kioo. Asipolitoa siku hiyo, mpeleke kwa tabibu.

Watu huniuliza: je, mayai ya namna hii huliwa? Lenye mshipi, lenye mikunjo, bapa, la viini viwili, lenye vumbi jeupe au doa dogo la damu, maadamu kaka lake ni zima na safi, na kuku hana maradhi, ni halali na ni salama, likipikwa mpaka ute na kiini vikashikana. Lisilo na kaka lisiliwe, kwa kuwa limekosa ukuta wa kuzuia uchafu. La kuku mgonjwa lisiliwe, na la kuku anayetumia dawa za kuua vijidudu lisiliwe wala lisiuzwe mpaka zitimie siku zilizoandikwa katika karatasi ya dawa, jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na wanunuzi hawaulizi, na mwisho wake dawa hizo zitakosa nguvu katika miili yetu wenyewe. Wala usimpe koo yai lolote lenye hitilafu kulilalia: jembamba hukauka, la viini viwili karibu kamwe halitotoi, na nafasi chini ya koo ni chache.

Juu ya mdondo nina ombi kwa kila mwenye kuku hata watatu. Chanjo iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, hutiwa tone moja tu katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mtoto wa shule aweza kuitia akionyeshwa mara moja. Chupa moja hutosha kuku wa mtaa mzima, kwa hiyo majirani wachange, wachague siku, na kuku wote wachanjwe kwa pamoja kabla ya majira ambayo mdondo huzoea kuingia kwao.

Na ukiokota yai la ajabu, usikimbilie kisu. Liandike tarehe kwa kalamu, kisha jiulize jana jioni kulitokea nini, na juma lililopita kuku walikula nini na kunywa maji gani. Mtazame kuku, msikilize usiku kama anakoroma, watazame wenzake. Akiwa ni mmoja, naye anakula na upanga wake mwekundu, mpe kivuli, maji matamu, makombe na siku 10 za amani. Wakiwa ni wengi, au siku hizo zikipita na mayai hayajatengemaa, mchukue yeye na mayai yake umpelekee bwana mifugo akiwa hai.